Vipele vya Ndevu: Unywele Ulioota Ndani ya Ngozi Haufukuliwi, Hufunguliwa Njia

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Siku za Jumamosi jioni vibanda vya vinyozi katika miji yetu hujaa wateja. Kijana hukaa kitini, hufungwa kitambaa shingoni na kutoa agizo ambalo vinyozi wamelizoea: "Kidevu pitisha chini kabisa." Baada ya dakika chache hunyanyuka akiwa na kidevu kinachong'aa, tayari kwa ibada, harusi au usaili wa kazi. Siku ya tatu kidevu kile kile huanza kuwasha. Siku ya tano huwa na vipele vigumu, vingine vikiwa na kichwa cheupe cha usaha, na hapo ndipo kioo hutafutwa pamoja na pini, sindano ya kushonea au ncha ya wembe ili kuchokonoa kilichomo.

Wapo wanaochokonoa na kupona bila alama. Wapo pia ambao kipele kidogo huwaachia doa jeusi la miezi mingi, jipu linalohitaji kupasuliwa, au kovu linalotuna na kuendelea kukua hata baada ya kidonda kufunga. Asili ya mwili ina sehemu yake katika tofauti hiyo, lakini sehemu iliyo mikononi mwa mhusika mwenyewe ni kubwa: namna anavyoushughulikia unywele ulioota kuelekea ndani ya ngozi badala ya kutoka nje.

Makala hii inaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, hatua ambazo mwananchi anaweza kuzichukua akiwa nyumbani bila kujidhuru, mambo anayopaswa kuyaepuka, na dalili zinazomtaka aache kujitibu na kwenda kituo cha kutolea huduma za afya.

Unywele hurudije ndani ya ngozi?

Kila unywele huota kutoka katika tundu dogo lililo ndani ya ngozi. Kwa watu wenye nywele zilizonyooka, tundu hilo nalo huwa limenyooka, na unywele hutoka nje na kuendelea na safari yake. Kwa watu wengi wenye asili ya Afrika tundu hilo limepinda kama upinde, na unywele wenyewe ni bapa kiasi, hivyo huchomoza ukiwa tayari umeanza kujikunja. Ukiachwa ukarefuka, ndio hizo nywele za kipilipili tunazozifahamu. Ukikatwa karibu sana na ngozi hubaki na ncha kali, na kwa kuwa maumbile yake ni kujikunja, ncha hiyo inaweza kuirudia ngozi na kuichoma.

Ngozi huchomwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza unywele hutoka nje vizuri, kisha hujikunja na kuingia tena pembeni ya tundu lake. Katika njia ya pili unywele huwa umekatwa chini ya usawa wa ngozi, hivyo unapoanza kukua hutoboa ukuta wa tundu lake kabla haujafika nje. Njia hii ya pili hutokea zaidi pale mtu anaponyoa huku akiivuta ngozi kwa vidole, anapotumia wembe wenye makali mawili au matatu yaliyopangana, au anapong'oa nywele badala ya kuzikata. Katika wembe wa aina hiyo, makali yanayotangulia huuvuta unywele na yanayofuata huukata, kisha unywele hurudi chini ya ngozi ukiwa na ncha iliyochongoka.

Mwili haujui kwamba kilichoingia ni unywele wake wenyewe. Huuchukulia kama ungeuchukulia mwiba: eneo huvimba, huwasha, huuma na wakati mwingine hutunga usaha. Ndiyo maana vipele hivi havionekani siku ya kunyoa, bali siku chache baadaye, unywele unapokuwa umekua kiasi cha kutosha kuchoma.

Kutokana na maelezo hayo ni dhahiri kwamba vipele vya kunyolea si dalili ya uchafu wala ya "damu chafu" kama inavyoaminika mitaani. Mtu anaweza kuoga mara tatu kwa siku na bado akavipata. Havisafishwi kwa kunywa dawa za kusafisha damu, na havimaanishi kwamba mhusika ana ugonjwa wa kuambukiza. Ni tatizo la ncha ya unywele na mwelekeo wake, na tiba yake huanzia hapo hapo.

Nani huathirika zaidi?

Tafiti zilizofanyika kwa wanaume weusi, hususan nchini Marekani, zimekadiria kuwa kati ya asilimia 45 na 83 kati yao hupata vipele vya ndevu. Katika majeshi ya nchi hiyo, ambako kunyoa ndevu ni sehemu ya nidhamu ya kazi, tatizo hili lilikuwa kubwa kwa askari weusi kiasi cha kuwapo utaratibu wa kitabibu wa kumruhusu askari kutonyoa hadi ngozi ipone. Ni ushahidi kwamba jambo linaloonekana dogo mbele ya kioo cha nyumbani linaweza kuwa kikwazo cha kweli kwa mtu ambaye kazi yake inamtaka awe amenyoa kila asubuhi.

Wanawake nao hawako nje ya tatizo hili. Vipele hutokea kwapani, miguuni na katika sehemu za siri kwa wale wanaonyoa au kunyofoa nywele za maeneo hayo, iwe kwa sababu za usafi, mila au mafundisho ya dini. Wanawake wenye nywele kidevuni, ambao wengi huzing'oa kwa siri kwa sababu ya aibu, hupata vipele na madoa meusi yale yale yanayowapata wanaume.

Eneo jingine linalohitaji uangalifu wa pekee ni kisogo. Vipele vigumu vinavyoota nyuma ya shingo, kwenye mstari wa nywele, huwapata zaidi wanaume wanaonyoa nywele hadi kwenye ngozi na kuchongwa mstari kwa mashine au wembe. Vikiachwa au vikichokonolewa mara kwa mara huungana na kuwa uvimbe mgumu wa kovu ambao nywele haziwezi tena kuota juu yake. Vipele vya aina hii si vya kutibiwa nyumbani kwa muda mrefu. Vionwe na mtaalamu vikiwa bado vidogo.

Hatua ya kwanza: weka wembe chini

Tiba yenye nguvu kuliko zote haiuzwi dukani. Ni kuacha kunyoa eneo lililoathirika hadi vipele vitakapopoa. Ndevu hukua kwa wastani wa chini kidogo ya nusu milimita kwa siku. Unywele ulionasa unapofikia urefu wa takriban sentimita moja, mkunjo wake hufanya kazi kama springi na kujichomoa wenyewe kutoka katika ngozi. Kwa hesabu hiyo, mhusika anahitaji kati ya wiki tatu na nne, na kwa wengine hadi wiki sita, ili nywele nyingi ziwe zimejifungua.

Ni vyema kufahamu mapema kwamba katika wiki ya kwanza hali inaweza kuonekana kuwa mbaya zaidi, kwa sababu nywele zilizokuwa zimekatwa hivi karibuni nazo hurefuka na kuchoma kabla ya kujichomoa. Wengi hukata tamaa katika wiki hiyo, hurudi kwenye wembe, na mzunguko huanza upya. Subira huvuta heri, na katika jambo hili heri hiyo huanza kuonekana wiki ya pili na ya tatu.

Kwa yule ambaye kazi yake haimruhusu kufuga ndevu, ni busara kufika kituo cha afya, kupimwa na kupata ushauri wa maandishi ambao atauwasilisha kwa msimamizi wake, badala ya kuendelea kunyoa juu ya vidonda. Asiyeweza kupata nafasi hiyo apunguze ndevu kwa mkasi au mashine, akibakiza angalau milimita moja juu ya ngozi.

Wakati wa kusubiri, ngozi isaidiwe kwa mambo mepesi. Kitambaa safi kichovywe katika maji ya uvuguvugu, kikamuliwe na kuwekwa juu ya vipele kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Maji yawe ya moto unaovumilika bila shida nyuma ya kiganja. Yakizidi hapo yanaunguza. Joto hilo hulainisha ngozi na kupunguza maumivu. Baada ya hapo eneo lisuguliwe taratibu kwa kitambaa laini au mswaki laini mpya uliotengwa kwa kazi hiyo tu, kwa mizunguko midogo, ili kuondoa ngozi iliyokufa na kuinua ncha za nywele. Dodoki gumu linalofaa mgongoni halifai usoni wala katika sehemu za siri.

Dawa chache zinazopatikana katika maduka ya dawa zinaweza kusaidia. Zenye asidi ya salisiliki kwa kiwango cha asilimia 2 hulegeza ngozi iliyokufa inayoziba tundu la unywele. Zenye benzoili peroksaidi hupunguza bakteria katika vipele vyenye usaha, ingawa huweza kukausha ngozi na kupausha taulo na mashuka. Dawa yoyote mpya ijaribiwe kwanza kwenye eneo dogo, mathalani nyuma ya sikio au ndani ya mkono, na kuangaliwa kwa siku moja au mbili kabla ya kupakwa usoni. Mama mjamzito amuulize mtaalamu kabla ya kutumia dawa yoyote ya ngozi.

Namna ya kuufungulia unywele njia

Unywele unaweza kusaidiwa kutoka kwa sharti moja: uwe unaonekana. Mtu akitazama kwa karibu katika mwanga wa kutosha ataona kitanzi chembamba cheusi kilicholala juu ya ngozi huku ncha yake ikiwa imezama, au kilicho chini ya utando mwembamba kabisa wa ngozi. Ikiwa kinachoonekana ni uvimbe tu, bila unywele, kazi ya nyumbani inaishia kwenye maji ya uvuguvugu. Kuutafuta unywele usioonekana ni kuchimba kidonda.

Unywele ukionekana, zifuatwe hatua hizi:

1. Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha osha eneo lenyewe kwa sabuni isiyo kali.

2. Andaa kifaa. Kinachofaa ni kibano kidogo chenye ncha, kama kile cha kunyofolea nyusi, au sindano mpya ya hospitali ambayo haijafunguliwa. Kibano kioshwe kwa sabuni kwanza, kisha kichemshwe katika maji yanayotokota kwa dakika 20 au kifutwe vizuri kwa spiriti yenye nguvu ya asilimia 70 na kuachwa kikauke. Sindano ya kushonea na pini ya nguo visitumike.

3. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 ili ngozi ilainike.

4. Pitisha ncha ya kifaa chini ya kitanzi cha unywele, ikilala sambamba na ngozi, kisha inua taratibu hadi ncha iliyozama ichomoke. Usiichome ngozi kwenda chini. Ukiona damu, umekwishavuka mpaka. Acha hapo hapo.

5. Ncha ikishatoka, iache. Usiung'oe unywele. Hili ndilo kosa linalofanywa na wengi, kwa sababu unywele uliong'olewa huota tena kutoka chini kabisa na kulazimika kupenya upya katika ngozi ambayo bado imevimba, hivyo uwezekano wa kunasa tena huwa mkubwa.

6. Osha eneo, likaushe kwa kulibonyeza kwa kitambaa safi bila kulisugua, na paka mafuta ya mgando kidogo. Usinyoe hapo hadi ngozi itakapopona kabisa.

Kazi hii isizidi dakika chache kwa kila unywele. Unywele uliogoma leo utafunguka kesho au keshokutwa baada ya kukandwa tena kwa maji ya uvuguvugu. Aidha, kibano na sindano ni vya mtu mmoja. Sindano iliyokwishatumika iwekwe katika chombo kigumu chenye mfuniko na kukabidhiwa zahanati au kituo cha afya, isitupwe katika taka za nyumbani ambako watoto wanaweza kuiokota.

Yasiyopaswa kufanywa

Kukamua ndilo jambo la kwanza la kuepukwa. Kipele cha unywele kikikamuliwa, usaha hausukumwi kutoka nje peke yake. Sehemu yake husukumwa ndani na kusambaza maambukizi. Kwa ngozi nyeusi kuna hasara nyingine: kila jeraha, hata dogo, huweza kuamsha uzalishaji wa rangi na kuacha doa jeusi linalodumu muda mrefu kuliko kipele chenyewe. Wengi wanaolalamikia madoa ya ndevu wameyapata kwa kucha zao.

Hatari kubwa zaidi ni kovu linalotuna. Watu wenye asili ya Afrika wana uwezekano mkubwa wa kupata makovu ambayo hayakomi pale kidonda kilipoishia, bali huendelea kukua na kuvuka mipaka yake. Shingo na mstari wa taya ni miongoni mwa maeneo yanayopata makovu hayo. Kukatwa peke yake si dawa, kwani kovu hilo mara nyingi hurudi na huweza kurudi likiwa kubwa zaidi. Mtu ambaye katika familia yake kuna makovu ya namna hiyo, au ambaye alipotoga sikio au kuchanjwa alibaki na kovu lililotuna, asijaribu kabisa kutoa unywele kwa kifaa chenye ncha, amwone mtaalamu.

Jambo la pili ni krimu za kujipangia. Katika maduka mengi ya vipodozi huuzwa krimu zenye dawa kali za steroidi, nyingine zikichanganywa na dawa za fangasi na za bakteria, na huaminiwa kuwa zinatibu kila kitu. Kwa siku chache za kwanza vipele hutulia kweli, kwa sababu steroidi hupunguza uvimbe. Zikiendelea kutumika wiki hadi wiki ngozi hukonda, mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, fangasi hupata mwanya wa kuenea na chunusi mpya huibuka. Krimu za kuondoa madoa nazo zitazamwe kwa tahadhari, kwa kuwa baadhi huwa na zebaki au haidrokwinoni, viambata vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini. Tangu mwaka 2019 jukumu la kudhibiti vipodozi liko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Bidhaa isiyo na maelezo ya viambata, mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi haifai kupakwa juu ya ngozi iliyojeruhiwa.

Jambo la tatu ni dawa za kienyeji zinazounguza. Maji ya limau yakipakwa usoni na mtu akatoka juani huweza kusababisha malengelenge na madoa meusi. Dawa ya meno hukausha na kuwasha. Spiriti inayopakwa na kinyozi hupunguza vijidudu juu ya ngozi lakini haiwezi kuugeuza unywele uliokwishaingia ndani, na ikitumika mara nyingi juu ya michubuko huzidisha muwasho.

Jambo la nne ni kumeza dawa za antibiotiki bila kuandikiwa. Kipele cha unywele kwa sehemu kubwa si maambukizi, hivyo dawa hizo hazina cha kutibu, na matumizi holela huchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Wembe, mashine na kinyozi

Ngozi yenye vipele ni ngozi yenye milango iliyo wazi. Wembe au mashine iliyopita juu ya vipele vya mteja mmoja na kumrukia mwingine bila kusafishwa inaweza kubeba damu isiyoonekana kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku saba na bado vikawa na uwezo wa kuambukiza. Virusi vya UKIMWI, bakteria wa majipu na fangasi wa mashilingi nao ni sababu za kutotumia wembe wa mtu mwingine, awe ndugu au mwenza.

Mteja ana haki ya kuuliza kifaa kimesafishwaje. Wembe ufunguliwe mbele yake. Mashine ipigwe mswaki kuondoa nywele, kisha meno yake yasafishwe kwa dawa ya kuua vimelea na kuachwa kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji wa dawa hiyo. Kabati dogo lenye taa ya bluu linaloonekana katika saluni nyingi linafaa kuhifadhia kifaa kilichokwishasafishwa. Halisafishi kifaa chenye nywele na mabaki ya ngozi. Mwenye uwezo anunue mashine yake mwenyewe na kwenda nayo kwa kinyozi, kwani itamkinga kwa miaka.

Kunyoa bila kuurudisha ugonjwa

Vipele vikishapona, kurudia unyoaji ule ule ni kuvialika upya. Wataalamu wa ngozi wanashauri mambo yafuatayo kwa mtu mwenye nywele za kipilipili:

Kwanza, asitafute kidevu kinachong'aa. Mashine iwekwe kipimo cha kubakiza walau milimita moja. Unywele wa urefu huo hauonekani sana kwa mtu aliye mbali, lakini unatosha kuzuia ncha isizame.

Pili, anayelazimika kutumia wembe anyoe baada ya kuoga kwa maji ya uvuguvugu, apake povu la kunyolea kwa wingi, atumie wembe mpya wenye makali mamoja, afuate mwelekeo wa nywele zinavyoota, asiivute ngozi na asirudie sehemu moja mara nyingi. Mwelekeo wa ndevu za shingoni hutofautiana na wa mashavuni, hivyo ni vyema kuupapasa kwa vidole kwanza.

Tatu, dawa za kupaka za kutolea nywele huyeyusha unywele na kuuacha na ncha butu, jambo linalopunguza uwezekano wa kuchoma ngozi. Hata hivyo ni kemikali kali. Zijaribiwe kwanza kwenye eneo dogo, zisizidi dakika zilizoandikwa kwenye kifungashio, zisipakwe juu ya vidonda na zisitumike katika sehemu za siri isipokuwa kama kifungashio kinaruhusu wazi.

Nne, kwa kwapa na sehemu za siri, kupunguza nywele kwa mkasi au mashine ni salama kuliko kunyofoa. Nguo za ndani za pamba zisizobana hupunguza msuguano unaozirudisha ncha ndani ya ngozi.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Mwananchi aache kujitibu na afike zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu endapo ataona uvimbe unaongezeka na kuwa wa moto, maumivu makali, wekundu au weusi unaosambaa, usaha mwingi, homa, tezi za shingoni au kinenani zilizovimba, au uvimbe wowote unaokua karibu na jicho. Vivyo hivyo kwa vipele vya kisogoni vinavyoanza kuwa vigumu, kovu linalotuna, au vipele visivyopungua baada ya wiki sita za kutonyoa.

Mwenye kisukari, anayeishi na virusi vya UKIMWI au anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili asisubiri dalili hizo zote. Kipele chenye usaha kinamtosha kuwa sababu ya kwenda. Aidha, kipele au kidonda katika sehemu za siri kisidhaniwe moja kwa moja kuwa ni cha kunyolea. Kaswende huweza kuanza kwa kidonda kimoja kisichouma, na malengelenge madogo yanayochoma au vinyama vinavyoota vinaweza kuwa dalili za magonjwa mengine ya ngono. Kupima ni jibu la haraka kuliko kubahatisha.

Huduma za ngozi zinaanzia katika ngazi ya msingi, na mgonjwa anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa. Nchi yetu ina bahati ya kuwa na Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambacho tangu mwaka 1992 kimekuwa kikiandaa wataalamu wa ngozi kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Baadhi ya matibabu ambayo mtu hawezi kujipatia nyumbani, kama vile kuchomwa dawa ndani ya kovu lililotuna ili kulipunguza, hutolewa na wataalamu wa aina hiyo, na hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa bado changa.

Kwa yule ambaye jioni ya leo atasimama mbele ya kioo akiwa na pini mkononi, ushauri ni mmoja. Airudishe pini mahali pake, achemshe maji, achovye kitambaa na kuupa unywele siku chache za kutafuta njia. Usiponyooka wenyewe, mlango wa zahanati uko wazi asubuhi.